Dirisha la Mke Mwenza

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa na giza zuri sana. Nasema zuri kwa sababu lilinifichia mengi: nyufa za ukutani, sakafu niliyoiacha siku tatu bila kuipaka samadi, na uso wangu mwenyewe ninapolia bila sababu. Wanyakyusa wa siku zile walijenga nyumba safi kuliko watu wote niliowahi kuwaona, lakini habari za dirisha hawakuwa nazo. Mlango upo, walisema. Kitu gani kingine kinataka kuingia?

Mimi si Mnyakyusa wa kuzaliwa. Ni Mkisi wa Lyulilo, kando ya ziwa, mtoto wa mfinyanzi. Nilisoma madarasa matatu kwa wamisheni, nikabatizwa Marta, nikaolewa Busale na kijana aitwaye Ambokile, ambaye alikuja gulioni kutafuta chungu kimoja akaondoka na sita. Kwao vyungu walikuwa navyo tele. Mama aligundua mapema, akawa anadai mikungu mikubwa zaidi ya ndizi kwa kila chungu, na kijana akawa analeta tu.

Kabla sijaenda mbali, lazima niwaeleze jambo la mkwe. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule mke hamwoni baba mkwe. Sisemi hamzoei, hamwoni kabisa. Akisikia anakuja anajitupa kwenye migomba, anajifunika kichwa, anangoja apite. Hasemi naye. Halitaji jina lake, wala neno linalokaribiana na jina lake. Mimi leo ni kizee, mkwe wangu yuko ardhini miaka mingi, na bado jina lake hamtalipata kwangu. Tumwite Mzee. Kwa sababu hiyo vijana walijenga kijiji chao mbali na baba zao, ili wake zao waweze kutembea wima kama watu.

Lakini Mdachi alipoanza vita na Mwingereza wa Karonga, kijiji chetu cha vijana kiliishiwa na vijana. Walichukuliwa kubeba mizigo, leo watano, kesho kumi. Ambokile aliona zamu yake inakuja, na hakutaka niachwe peke yangu kati ya nyumba tupu, chui wanapita uani kama wageni walioalikwa. Akafanya kosa ambalo hakuna Mnyakyusa mwenye akili timamu angelifanya: akanijengea nyumba ndani ya migomba ya baba yake, hatua themanini kutoka mlangoni kwa baba yake.

"Umeniweka mdomoni mwa mkwe," nikamwambia.

"Ni miezi miwili tu, mke wangu. Nikirudi tunahama."

Miezi miwili ya Ambokile bado naihesabu.

Basi zamu yake ikafika, tukabaki mimi na Mzee. Naye alikuwa peke yake. Wake zake wawili walikufa, wa tatu alirudi kwao na mbuzi wake. Chakula nilimpikia mimi, akakibeba Anyisile, binti wa ndugu yake, aliyekaa ng'ambo ya kijito. Anyisile alikuwa mnene, mcheshi, na kila jioni alirudisha bakuli tupu pamoja na maneno.

"Mzee anasema chumvi nyingi."

Kesho yake nikipunguza: "Mzee anasema chumvi kidogo."

"Mwambie aje aonje jikoni," nikasema.

"Wewe mla usipa, utafukuzwa," akasema Anyisile, akacheka. Ndivyo walivyotutania sisi Wakisi, kwa vile vidagaa vya ziwani kwetu.

Mzee mwenyewe nilimjua kwa kikohozi. Kila asubuhi alipita njia ya nyuma ya nyumba yangu kwenda kwa ng'ombe wake, na kabla hajafika alikohoa mara mbili, ili kama niko nje nijifiche. Mimi ningekuwa ndani, nimekaa gizani, nakisikia kinakuja, kinapita, kinakwisha. Kuna wiki nzima ambazo kikohozi kile kilikuwa ndiyo salamu yangu ya pekee. Mara moja nilijibu, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, lakini polepole sana, nikaziba mdomo.

Sasa niwaambie habari za wizi. Kule misheni bibi wa mchungaji aliweka maua ndani ya nyumba. Ndani, chini ya paa, dirishani, yamepandwa kwenye makopo, mekundu kama pilipili iliyoiva, na majani yake mviringo yenye manyoya. Ukiyasugua yanakuachia harufu kali kama ndimu kwenye vidole. Nilimuuliza, "Bibi, yanaliwa?" Akasema hayaliwi. "Ni dawa?" Si dawa. "Sasa yanafanya nini?" Akafikiri kidogo, akasema, "Yanakaa na mimi." Nikamwonea huruma. Nikarudi nyumbani, nikakaa gizani, nikaona huruma ile ilikuwa imepotea njia.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea chungu cha zawadi, na alipokwenda kukiweka jikoni nikakata vijiti vitatu, nikavificha kwenye kitambaa cha kichwani. Kimoja hakitoshi, mtu mwenye madarasa matatu anajua hesabu. Nikaimba nyimbo zote za ibada vikinitekenya utosini, na Mungu akaniacha nikafika salama.

Kijiti cha kwanza nilikipanda nje, karibu na maboga. Kikaliwa na mbuzi wa Mzee. Cha pili nikakizungushia miiba, kikashika, kikatoa majani manne, halafu mvua ya kwetu ikakijia. Mvua ya Busale hainyeshi, inamwagwa. Kikaoza kuanzia chini kama jino. Ndipo nikaelewa kwa nini bibi yule aliyaweka ndani. Cha tatu nikakipanda kwenye chungu kizuri cha Kisi, nikakitoboa kitako ili maji yatoke, kitendo ambacho mama angekiona angenitoboa mimi. Chini nikaweka vigae, juu yake udongo mweusi wa migombani uliochanganywa na samadi ya zamani na mchanga kidogo wa kijitoni. Nikakiweka karibu na mlango.

Kikaishi. Kila siku kikawa kinarefuka kuelekea mlangoni, kimeinama kama mtu anayetaka kuondoka. Nilimjua mtu huyo. Nikampa jina: Mke Mwenza. Wanawake wenzangu walikuwa na wake wenza wa kugombana nao na kusukana nao nywele, mimi sina hata mmoja, na mume mwenyewe hayupo. Nikawa nazungumza naye. Nilizungumza kwa sauti ya juu, maana mtu akinong'ona peke yake ndani ya nyumba ndiyo amepata wazimu kweli. Nilimweleza Ambokile anavyokoroma. Nilimweleza kwamba Mzee anakohoa kama beberu na ana ulimi wa kigeugeu, leo chumvi nyingi, kesho kidogo.

Alipotoa kitumba cha kwanza nikaamua kumtobolea dirisha.

Kazi ile niliifanya kama mfinyanzi, si kama fundi wa nyumba. Nilichagua ukuta wa mashariki, jua la asubuhi. Mtu yeyote mwenye mimea angechagua hivyo. Nikabandua udongo kati ya nguzo mbili, nikakata mianzi kwa panga, nikafunga pete ya fito mbichi kuzunguka tundu ili ukuta usimwagike. Halafu nikaponda udongo wa kijitoni, nikauchanganya na mchanga, majivu na samadi, nikaukanda kwa visigino hadi ukaacha kunata vidoleni. Nikauzungusha kwenye ile pete, nikavuta mdomo nje, nikaulainisha kwa gunzi na maji, nikaufunika kwa majani ya mgomba siku nne ukauke taratibu usipasuke. Wakati huo kulikuwa na siku chache za jua. Nilipoyatoa majani, nilikuwa na dirisha la mviringo lenye mdomo kama wa chungu. Ukisimama ndani ulijiona uko ndani ya chungu unaangalia nje. Jua likaingia, likamkuta Mke Mwenza kwenye kigoda chake, naye akaanza kusimama wima.

Nilifurahi siku tatu. Siku ya nne nikagundua kwamba sijasikia kikohozi.

Nikangoja. Wiki ikapita. Asubuhi kimya, jioni kimya. Nikapika vizuri zaidi. Bakuli likarudi tupu kama kawaida. Nikadhani ametambua lile "ndaga" langu na amekasirika. Mvua zikarudi, zikawa za kufunga mwezi mzima, na mimi nikakaa na ua langu jekundu na nyumba yenye mwanga, na upweke ukaonekana vizuri zaidi, maana sasa ulikuwa na taa.

"Mzee hajambo?" nikamuuliza Anyisile mwishowe.

"Hajambo gani? Anakohoa hadi anashika nguzo."

"Mbona mimi simsikii?"

Anyisile aliweka bakuli chini, akanitazama. "Marta. Unajua anapita wapi siku hizi kwenda kwa ng'ombe?"

"Njia ni moja."

"Njia ni moja, na wewe umeifungulia jicho. Anapita kule chini bondeni, kwenye tope. Linamfika hapa." Akagusa juu ya goti lake. "Mtu mzima, na mvua hii. Nikamwambia, pita tu, huyo mtoto wa Kikisi hana haya, hatakufa akikuona. Akasema, mimi je?"

Nilitazama dirisha langu, na kwa mara ya kwanza nikatazama nje kupitia hapo badala ya kutazama jua linaloingia. Njia ya Mzee ilipita pale pale. Angetoka kwenye migomba na uso wake ungekuja katikati ya ule mdomo wa chungu, umekaa sawasawa, kama nimemchora. Nilikuwa nimepima jua, fito, mchanga, majivu. Sikupima mkwe.

Jioni ile ile nikaliziba. Nikasuka mianzi, nikabandika udongo nje na ndani, sikulainisha hata kidogo. Giza likarudi kukaa mahali pake, wala halikuuliza nilikuwa na nani.

Kikohozi nacho kikarudi. Lakini sasa vilikuwa viwili. Kuna kile cha mara mbili, cha heshima, halafu kikafuata kingine ambacho hakikuwa na hesabu, kikaenda naye mpaka kwenye ng'ombe na kurudi. Desturi haikuniruhusu kumpelekea hata maji ya moto. Nilichemsha majani na asali, nikamkabidhi Anyisile, nikabaki nasikiliza ukutani kama mwizi.

Na Mke Mwenza akaanza kuniacha. Kwanza majani ya chini yakawa ya njano. Ua likaanguka kipande kipande kwenye sakafu. Nikimpeleka mlangoni, mvua inaingia; nikimrudisha ndani, moshi. Akawa shina refu, jembamba, na majani matatu juu.

Nikamwambia, na siku hiyo nilisema kwa sauti kuliko siku zote kwa sababu mvua ilikuwa inapiga paa: "Sikiliza, mwenzangu. Kama unakufa, kufa upesi. Mimi sina mtu hapa. Mume amebeba mizigo ya Mdachi mpaka amesahau kuitua. Mkwe ninaye, lakini ni kikohozi. Ukifa wewe narudi kwetu Lyulilo, nakaa na mama nafinyanga, na nyumba hii ianguke, sina wa kumuaga."

Sikusema kwa utani. Kesho yake, mvua ilipopumzika, nikafunga nguo, nikateremka hadi ziwani, nikapanda mtumbwi wa wavuvi hadi Lyulilo kumuuliza mama kama pana nafasi.

Mama alikuwa ameketi kati ya vyungu vibichi, anamwomba mteja asikae juu ya kilichokauka. Akanitazama miguu kwanza, halafu uso.

"Umekonda," akasema. "Nafasi ipo. Udongo upo. Kalete vitu vyako."

"Hujaniuliza kwa nini."

"Utaniambia tukifinyanga. Ukiniambia sasa nitaharibu shingo ya chungu hiki."

Nililala kwake siku mbili, katikati ya watoto wa kaka yangu, watano kwenye mkeka mmoja, na mguu wa mmoja ukiwa shingoni mwangu usiku kucha. Nikashangaa kwamba hata pale, na kelele zote zile, asubuhi niliamka nikangoja kikohozi.

Hata hivyo nilirudi Busale kuchukua vitu. Nilikuwa nimeamua. Hata kamba ya kufungia nilikwenda nayo.

Nilifika mchana. Nikafungua mlango, na kabla sijawasha moto niliona mikono yangu. Nyumba ilikuwa na mwanga. Nikatazama ukuta wa mashariki: dirisha langu limezibwa vile vile nilivyoliziba, vibaya. Nikatazama juu. Chini kidogo ya paa, pale ambapo mtu akisimama nje hawezi kuona ndani, na aliye ndani anaona mbingu tu, palikuwa na tundu jipya. La mviringo. Yaani, lilikusudiwa kuwa la mviringo. Lilifanana zaidi na kiazi. Na lilikuwa na mdomo kama wa chungu, uliovutwa kwa nje, mnene upande huu, mwembamba upande ule, na alama za vidole vikubwa ambavyo havijawahi kushika udongo wa kufinyangia. Tayari lilikuwa na ufa. Mchanga ulikuwa mchache.

Lote lilitengenezwa kwa nje. Ukutani nje paliegemezwa ngazi ya mianzi, imesahauliwa. Na mlangoni, nje kabisa ya kizingiti, pamewekwa kichanja kirefu cha mianzi, miguu minne imefungwa kwa kamba za mgomba. Nikakiingiza ndani, nikakisimamisha chini ya tundu, nikapandisha chungu. Jua likamgusa Mke Mwenza kichwani. Kichanja kilikuwa na urefu wa kumfikisha juani barabara, wala hakikuzidi kidole.

Nikakaa sakafuni. Ile kamba ya kufungia mizigo nikawa nimeikalia.

Anyisile alikuja jioni, anahema.

"Umerudi. Nilimwambia hutarudi, akasema fanya kazi nyamaza. Alinishikisha ngazi siku nzima."

"Nani alimwambia habari za ua?"

"Wewe. Miezi mitatu unapiga kelele humu ndani kama mnadani, halafu unauliza nani kamwambia. Mzee anajua mpaka mwanawe anavyokoroma." Akakaa. "Alikuja kwangu, akaniuliza udongo wa Wakisi unachanganywa na nini. Nikasema mchanga. Akasema, mchanga kiasi gani? Nikasema, kwani mimi mla usipa?"

Nilianza kukumbuka yote niliyosema miezi ile, moja baada ya jingine. Beberu. Ulimi wa kigeugeu.

"Alisikia na habari ya chumvi?"

Anyisile akatazama mlango. "Hiyo ilimshangaza," akasema. "Yeye hajawahi kulalamikia chumvi."

"Nani aliyelalamika?"

"Njia ni ndefu, Marta. Mtu anaonja kidogo kabla hajafika."

Nilicheka mpaka nikalia, au nilianza kwa kulia, sikumbuki. Anyisile naye alicheka, lakini kwa tahadhari, akiangalia bakuli la jioni.

Sikurudi Lyulilo. Mama nilimtumia salamu kwa wavuvi, naye akajibu kwa kunitumia chungu chenye shingo iliyopinda, bila neno lolote.

Nilifikiri nitamlipa vipi Mzee, kwa vile "ndaga" siwezi kumtamkia. Mke Mwenza alipopata nguvu nikamkata kijiti, nikakipanda kwenye chungu kidogo, kitako nimekitoboa. Kilipotoa majani matano nikampa Anyisile apeleke, pamoja na maneno: mwambie hakiliwi, si dawa, kikae mbali na mbuzi wake, na kinataka jua. Nikamwonya asionje.

Siku ya tatu akarudi anajishika mbavu.

"Ametoboa ukuta."

"Wa wapi?"

"Wa nyumba yake. Mzee mzima. Majirani wamekuja kutazama. Ametengeneza na mdomo."

"Upande gani?"

Akawa anacheka tu, mpaka nikajua. Nyumba ya Mzee na yangu zilipeana migongo kwa namna fulani, na njia yangu ya kwenda kijitoni kuchota maji ilipita chini ya ukuta wake. Alikuwa na kuta nne. Akachagua ule. Akaweka dirisha lake chini, usawa wa uso wa mtu, linatazama njia yangu sawasawa.

Wengine walisema amezeeka, amesahau. Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba aliyejua kupandisha dirisha langu chini ya paa angeweza kulipandisha na la kwake.

Vita vilikwisha kwetu. Mdachi aliondoka, Mwingereza akaja, na wapagazi waliobaki wakarudi mmoja mmoja, wamekauka kama kuni. Ambokile hakuwamo. Niliwauliza wote; mmoja alisema alimwona mahali ambapo mwingine alisema hapajawahi kupitwa. Mzee naye aliuliza, kwa kinywa cha Anyisile, na akaletewa majibu yale yale.

Lakini mimi namaliza na asubuhi ile ya kwanza, baada ya dirisha lake. Nilijitwika mtungi, nikafika mahali njia inapogawanyika, nikasimama. Halafu nikageuka, nikashuka bondeni, kwenye tope lile lile alilolipita Mzee kwa ajili ya dirisha langu. Likanifika magotini, likanivuta, nikapoteza kata ya kichwani, nikatukana kwa Kikisi. Kutoka juu, nyuma ya migomba, nikasikia kikohozi. Mara mbili, cha heshima. Nikangoja kile kingine, kile kisicho na hesabu. Siku ile hakikuja.

Nikarudi nyumbani na miguu imejaa tope, nikaketi chini ya kichanja, nikaanza kumsimulia Mke Mwenza habari yote tangu mwanzo, na sauti nikaipandisha kidogo.